Saa Moja ya Jioni: Ndia Kuu na Makatazo ya Korona, 2020

Ndia Kuu ni barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa inayoanzia jirani na Ngome ya Yesu na kuelekea kaskazini hadi karibu na bandari ya kale, na jina lake halina fumbo, kwa kuwa ndia ndilo neno la Kimvita, lahaja ya kisiwa hicho, kwa kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita njia. Pembeni mwake mna vichochoro vya kuendea Kibokoni, Kuze na Mlango wa Papa, vyembamba kiasi kwamba majirani wa ghorofani huweza kuzungumza dirisha kwa dirisha bila kupaza sauti. Mwezi Mei 2020 mtaa huu ulikuwa chini ya makatazo ya ngazi tatu kwa wakati mmoja, yaani yale ya nchi nzima, yale ya kaunti ya Mombasa na yale ya mtaa wenyewe, hali iliyowapata wakazi wa hapo na wale wa Eastleigh jijini Nairobi. Namna walivyomudu kuishi chini ya makatazo hayo ilielezwa wakati ule kwa majibu mawili mepesi, kwamba ama watu wa Mji wa Kale ni wakaidi, ama ni wavumilivu wa kupigiwa mfano. Majibu yote mawili yanaitazama tabia ya watu na kuiacha saa. Hoja inayochunguzwa hapa ni kwamba kilichovurugika hasa ni mpangilio wa siku, na kwamba kila mbinu iliyofua dafu ilikuwa, kwa njia moja au nyingine, mbinu ya kuupanga upya.

Inafaa kwanza kutenganisha amri zenyewe, kwa sababu katika kumbukumbu za wengi zimechanganyika zote chini ya neno moja, lokidauni, ambalo likichukuliwa kwa maana yake kamili, ya watu kufungiwa majumbani mchana na usiku, halikupata kutekelezwa Mombasa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Wiki iliyofuata Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisimamisha ibada za pamoja, akatangaza kusitishwa kwa safari za ndege za abiria kutoka nje kuanzia tarehe 25 Machi, na kuamuru matatu ya abiria kumi na wanne ibebe wanane. Tarehe 27 Machi ilianza kafyu, yaani amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Zuio la kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale lilifuata tarehe 8 Aprili. Mwisho, Jumatano ya tarehe 6 Mei, Waziri Kagwe alitangaza kwamba Mji wa Kale na Eastleigh zingefungwa kuanzia saa moja jioni ya siku hiyohiyo, asiingie mtu wala asitoke, na mikahawa na masoko ya ndani yasifunguliwe. Siku kumi na tano zilizotajwa mwanzoni ziliongezwa, na mtaa ukafunguliwa alfajiri ya tarehe 7 Juni.

Katika amri zote hizo, iliyogusa maisha ya Ndia Kuu kwa kina zaidi ni ile iliyoonekana ya kawaida kuliko zote, nayo ni kafyu. Mombasa, kwa kuwa karibu na ikweta, jua huchwa muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivi kwamba adhana ya Magharibi husikika kabla ya saa moja na ile ya Isha baada yake. Saa moja, kwa hiyo, iliangukia katikati ya swala mbili ambazo ndizo mipaka ya jioni ya Kiswahili. Kwa mji ambao wafanyakazi wake hurudi nyumbani jioni na kufunga mlango, saa hiyo ni ukingo wa siku, na amri inayoanza hapo hukata ncha tu. Kwa Mji wa Kale ni kiini cha siku, kwani joto la mchana huwa limepungua, na kati ya Alasiri na Isha ndipo watu hutoka, viazi vya karai hukaangwa, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba na vikombe vidogo vya kahawa tungu, watoto hutumwa dukani, na wazee huketi kuzungumza habari za dunia. Amri ileile moja iliuacha mtaa mmoja na sehemu kubwa ya siku yake, na mwingine ikauacha na adhuhuri.

Upande wa pili wa kafyu, saa kumi na moja alfajiri, haukuzungumzwa sana, ingawa uliwagusa wanawake wapishi kwa namna ya pekee. Mahamri yanayoliwa na mbaazi za nazi asubuhi hukandwa usiku na kuanza kukaangwa kabla au mara tu baada ya swala ya Alfajiri, na kazi hiyo hutegemea mtu wa kuleta unga, wa kuchukua sinia na wa kuipeleka kibandani. Mpishi aliyepikia nyumbani mwake aliweza kuendelea. Yule aliyemtegemea msaidizi kutoka Likoni au Kisauni, nje ya kisiwa, alipoteza saa nzima ya mwanzo, na saa hiyo ndiyo yenye faida. Wengi wa wapishi wa namna hii hawahesabiwi kama wafanyabiashara katika daftari lolote. Kibanda chao ni mlango wa nyumba, mteja wao ni mpita njia, na mtaji wao wa kesho ni mauzo ya leo, kwa hiyo siku tatu za kukosa mauzo huwarudisha mahali ambapo hata unga wa kuanzia hawana.

Hapa ndipo tofauti kati ya misaada iliyotangazwa na mahitaji yaliyokuwapo inapojitokeza. Tarehe 25 Machi serikali ilitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi angesamehewa kodi ya mapato yote, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani, ile anayotozwa mnunuzi juu ya bei ya bidhaa, ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Nafuu ya kwanza ilimfikia mwenye hati ya mshahara, na hamali wa mkokoteni hana hati hiyo. Nafuu ya pili ilimfikia mnunuzi wa bidhaa za dukani kwa risiti, lakini mafuta ya kupima na sukari ya robo kilo havina risiti. Lenye manufaa zaidi lilikuwa jambo dogo lililotangulia siku chache kabla, pale ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa ilipoondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, utaratibu uliodumu hadi mwisho wa mwaka. Kiwango hicho kililingana na namna pesa inavyozunguka mtaani: mia mbili za samaki, mia tatu za mchango wa jirani, mia tano kutoka kwa ndugu aliye Changamwe ambaye hakuweza tena kuvuka na mfuko wa unga. Kwa ulinganisho wa manufaa kwa mtu wa kawaida wa Ndia Kuu, si vigumu kudai kwamba ada iliyofutwa ilifanya kazi kubwa kuliko kodi iliyosamehewa.

Watalii ni habari fupi. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ndiyo inayowaleta wageni hadi mdomo wa Ndia Kuu, na ndege zilipokoma wageni wakakoma. Waongozaji, wauza vinyago na wenye maduka ya vitu vya kale hawakuwa na mbinu ya kukabiliana na hali hiyo, kwa maana biashara inayomtegemea mgeni haiwezi kuhamishiwa kwa jirani. Waliobahatika waligeukia kuuza matunda na barakoa. Neno hilo la mwisho lina kisa chake pwani: kabla halijawa jina la kitambaa cha kuzuia mate, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wenye asili ya Uarabuni, hasa wa Omani, hivi kwamba watu wa Pwani walipoambiwa wavae barakoa waliletewa neno lao wenyewe likiwa na kazi mpya na faini ya hadi shilingi 20,000.

Suala la nafasi ni zito zaidi. Sharti la kukaa umbali wa mita moja na nusu, na baadaye mwongozo wa Juni 2020 wa kuwauguza wagonjwa wasio na dalili kali nyumbani, yote yalikuwa na picha ya nyumba akilini: nyumba yenye chumba cha akiba, choo cha pili na mlango unaotenganisha ndani na nje. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja mkubwa na leo hukaliwa na familia kadhaa zinazoshiriki ngazi, ua na mara nyingine bomba. Joto la ndani hupunguzwa kwa kutoka nje. Kwa sababu hiyo nyumba hizo zina barza, yaani kibao cha mawe au saruji kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele, mahali ambapo si ndani wala si nje, ambapo mgeni hukaribishwa bila kuingizwa kwa wake wa nyumba na mzee hupitisha jioni yake. Amri iliyosema watu wabaki nyumbani haikufafanua kama barza ni nyumbani. Kwa askari wa doria mtu aliyeketi pale saa moja na robo alikuwa nje. Kwa mwenyewe, alikuwa kwake, ameegemea ukuta wa babu yake. Sehemu ya kile kilichoitwa ukaidi ilizaliwa katika ugomvi huu wa tafsiri, na hakuna tangazo lililowahi kuutatua.

Vivyo hivyo kwa maji. Kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka ni ushauri usio na ubishi wa kitabibu, lakini kisiwa cha Mombasa hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mbali, zikiwamo chemchemi za Mzima zilizo Taita Taveta, na mgao wake umekuwa haba kwa miaka mingi, hivi kwamba nyumba nyingi hununua maji kwa mitungi ya lita ishirini inayosukumwa kwa mikokoteni. Msukuma mkokoteni akizuiwa kwenye kizuizi cha polisi, sharti la kunawa na sharti la kutotoka huwa yanapingana.

Mgogoro uliovuma kuliko yote ulihusu upimaji. Mji wa Kale ulipoonekana kuwa na maambukizi mengi mwishoni mwa Aprili, maafisa wa afya waliwataka wakazi wajitokeze kupimwa, na mwitikio wa mwanzo ukawa hafifu. Hilo lilitajwa miongoni mwa sababu za kuufunga mtaa. Imezoeleka kulieleza kwa neno ujinga. Hata hivyo, hesabu ya mtu aliyealikwa kupimwa ilikuwa wazi. Akipatikana na virusi angepelekwa hospitalini au katika kituo cha kutengwa, na waliokaribiana naye wangewekwa karantini, yaani kutengwa kwa siku zisizopungua kumi na nne ili kuona kama wataugua, na katika majuma ya mwanzo waliowekwa karantini walidaiwa gharama ya malazi na chakula. Juu ya hayo kulikuwa na gari la wagonjwa lenye watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga kuingia kichochoroni mchana kweupe, na jina la nyumba kutajwa kwa miezi. Kipimo, kwa maneno mengine, kilikuwa na bei kubwa na hakikuwa na dawa upande wa pili. Mwanzoni mwa Mei serikali ilikubali kubeba gharama za waliotengwa katika vituo vyake, na ni haki kusema kwamba uamuzi huo ungetangulia upimaji badala ya kuufuata, sura ya Mji wa Kale katika magazeti ya mwezi ule ingekuwa tofauti.

Yote haya yalikutana na Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria, iliyoanza mwishoni mwa Aprili. Mwezi huo huigeuza siku, kwa kuwa mchana huwa wa kunyamaza na usiku huwa wa kuishi: kufuturu Magharibi, Isha, kisha tarawehe, ambazo ni swala za sunna zinazoswaliwa kwa jamaa usiku wa Ramadhani, kisha matembezi hadi karibu na daku, mlo wa mwisho kabla ya alfajiri. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, ukiwamo ule wa Mandhry ambao huhesabiwa kati ya mikongwe zaidi kisiwani, na kwa wengi waliokuwa hai mwaka ule hiyo ilikuwa Ramadhani ya kwanza bila mnara kuita watu waje. Mbinu zilipatikana humo humo. Tarawehe ziliswaliwa ndani, baba au kijana aliyehifadhi juzuu chache akiwa imamu wa sebule. Darsa za Alasiri zikahamia redioni na kwenye simu. Na mafundisho ya Mtume yanayokataza kuingia au kutoka katika nchi yenye tauni, ambayo kila mwanafunzi wa chuo cha Kurani huyafahamu, yakawapa masheikh lugha ya kuelezea zuio bila kuiazima kutoka kwa polisi. Pale amri ilipopata lugha hiyo ilifuatwa kwa urahisi zaidi.

Soko la futari lilikuwa na tatizo gumu zaidi, kwa sababu sambusa, katlesi, kaimati, vitumbua na mkate wa sinia huuzwa katika saa mbili za mwisho kabla ya Magharibi. Saa hizo zilibaki halali, lakini zilibanwa na kafyu kwa nyuma, na tangu tarehe 6 Mei zikakosa wateja wa nje, na vibanda vikafungwa. Kilichotokea ni kwamba uuzaji ulirudi jikoni: mteja huagiza kwa simu tangu asubuhi, hulipa kwa M-Pesa, na mtoto wa nyumba huvusha sahani iliyofunikwa kichochoro kwa kichochoro. Biashara ya namna hii haikuwa mpya kabisa, kwani wanawake wa Mji wa Kale wamekuwa wakipika kwa oda za arusi na hitima miaka yote, na makatazo yaliufanya utaratibu wa siku za shughuli kuwa utaratibu wa kila siku. Waliokuwa na wateja wa kudumu na simu yenye salio waliweza kuvuka. Waliomtegemea mpita njia hawakuweza, wakaingia katika orodha ya wanaosaidiwa.

Na msaada ulikuwapo, kwa sababu ambayo ni ya kalenda zaidi kuliko ya sera. Ramadhani ni mwezi ambao Waislamu wengi hutoa zaka, fungu la lazima la mali kwa wahitaji, na kabla ya swala ya Idi hutolewa zakatul-fitri, ambayo ni chakula hasa. Kamati za misikiti na vyama vya wanawake zilikuwa tayari na orodha za wajane na mayatima, orodha ambazo serikali ya kaunti chini ya Gavana Hassan Joho, iliyokuwa ikigawa chakula kwa kaya, haikuwa na budi kuzitengeneza upya kupitia wazee wa mitaa. Mtaa ungefungwa Februari, zana hizo zingekuwapo lakini mfuko ungekuwa mtupu. Upungufu ulijitokeza upande wa ng'ambo: familia zinazotegemea pesa kutoka Ghuba ziliona zikipungua, kwa kuwa huko nako kulikuwa kumefungwa, na kwa sadfa ya aina yake Muttrah, mji wa bandari ya kale huko Maskati wenye sura inayofanana sana na ya Mji wa Kale, ulitengwa tangu tarehe 1 Aprili.

Kivuko cha Likoni, kinachounganisha kisiwa na bara upande wa kusini, ni mfano mwingine wa saa iliyopangwa bila kuhesabu mwendo wa watu. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, maelfu ya wafanyakazi walioachiliwa kwa wakati mmoja walijazana kwenye feri wakiwahi saa moja, na polisi wakawatupia vitoza machozi na kuwapiga marungu, wakisababisha msongamano uleule uliokuwa ukikatazwa. Rais aliomba radhi tarehe 1 Aprili kwa ukatili wa polisi katika siku hizo. Suluhisho la waajiri lilikuwa kuwaruhusu watu waondoke kazini mapema alasiri. Suluhisho la maduka ya Ndia Kuu yenye wafanyakazi wa ng'ambo ya pili lilikuwa kufunga mapema au kuwalaza wafanyakazi dukani. Miezi tisa baadaye lilifunguliwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu pale Liwatoni, lililojengwa ili kupunguza msongamano wa feri.

Watoto walipoteza mwaka. Masomo ya redio, runinga na simu yaliwafikia wenye umeme, simu ya akiba na mtu mzima asiye na kazi nyingine. Wengine walirudi kwenye uchochoro na mpira. Maziko yalibadilika zaidi. Idadi ya waombolezaji iliwekwa kuwa kumi na watano, katika jamii ambayo kulisindikiza jeneza ni haki ya maiti juu ya walio hai na mtaa wote hulifuata hata hatua chache, na siku tatu za kukaa matanga, ambapo jamaa hujazana nyumba ya mfiwa, zikawa simu za rambirambi na pesa za mchango zisizo na uso. Kati ya yote yaliyoahirishwa mwaka ule, arusi zilifanywa baadaye na shule zikafunguliwa. Tanzia haikuweza kuahirishwa.

Mji wa Kale ulipofunguliwa tarehe 7 Juni, kafyu ilisogezwa siku hiyohiyo hadi saa tatu usiku, na kwa kipimo kinachotumika hapa hilo la pili ndilo lililokuwa ufunguzi hasa, kwa sababu liliirudisha Isha upande wa mchana wa amri. Muuza kahawa alipata tena saa mbili zake. Misikiti iliruhusiwa mwezi Julai kwa waumini wasiozidi mia moja na kwa muda usiozidi saa moja, wenye umri kati ya miaka 13 na 58, sharti ambalo liliwaacha nje makundi mawili yenye nafasi zaidi ya kukaa msikitini, wazee wa barza na watoto wa chuo. Ramadhani iliyofuata, Aprili 2021, kafyu ilikuwa bado ipo, lakini Mombasa ilianza saa nne usiku, na maimamu wa Mji wa Kale wakapata muda wa kumaliza tarawehe zao, kwa sura fupi, kabla ya saa hiyo kugonga.